Nionyeshe Tope Kwanza

Watu wote walioingia katika kibanda changu cha video pale Garsen walitazama nyuso. Walitaka kujua nani anapiga, nani anapigwa na stelingi atatokea saa ngapi. Msusi alitazama chini. Picha ikianza tu, iwe ni Mhindi anayeimba mlimani au Mchina anayeruka juu ya paa, yeye aliinamisha kichwa upande, akafinya macho na kusema, "Nionyeshe tope kwanza."

Tope kwake lilikuwa ardhi yoyote: njia, ukingo wa mto, vumbi lililo chini ya miguu ya watu. Akishaliona alitikisa kichwa au aliguna, kisha akasinzia huku ameketi wima. Hadithi hakuijali. Sikumbuki hata filamu moja aliyoitazama mpaka mwisho.

Vijana walimcheka. Alikuwa na mazoea ya kuketi benchi la mbele kabisa, akiwa na fungu la ukindu mapajani, na urefu wake ulikuwa wa kuwaziba wawili nyuma yake.

"Mathe, hii ni muvi ama ni darasa la mikeka?" kijana mmoja alimwuliza siku moja.

"Na wewe kaa chini," alimjibu bila kugeuka. "Hicho kichwa chako kinaniwekea kivuli kwenye tope."

Tulimwita Msusi kwa sababu alisuka mikeka. Mchana alikuwa akiketi karibu na kituo, mahali mabasi ya Lamu yalipongojea askari wa kuyasindikiza. Mimi nilikuwa mtu wa makamo, nimemaliza kidato cha nne, nimeacha ukarani na kununua televisheni, deki na jenereta. Kibanda kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, na ndani kulikuwa na joto la tanuri. Nilijiona mtu aliyeelimika kuliko wateja wangu. Haya ninayoyasimulia ni ya miaka ya mwisho ya tisini, na katika mengi nitakayoyasema nilikosea.

Msusi alikuja kwangu kwa sababu ya filamu moja tu. Hizo nyingine alizivumilia.

Miaka mingi kabla ya kibanda changu, wageni walikuja na kamera zao kwenye mto Tana, karibu na kijiji cha Hewani, wakapiga filamu ya msafiri anayepanda Tana kwa mtumbwi. Waliwaajiri wenyeji wapite mbele ya kamera wakiwa wamebeba mizigo, kama watu wanaoendelea na shughuli zao. Mmoja wao alikuwa binti wa Msusi, mtoto wake wa pekee. Siku ya mwisho ya kupigwa picha, binti yule alipita kando ya mto na furushi kichwani kama alivyoagizwa, na baada ya hapo hakurudi nyumbani. Wapo waliosema alipanda lori la wageni kwenda Nairobi kutafuta kazi ya upishi. Wengine walinyamaza.

Baadaye kidogo mto ulitoa maiti upande wa chini. Mamba walikuwa wameshapita. Kilichobaki cha kumtambulisha mtu ni kipande cha leso kiunoni, na kilikuwa chekundu. Wakamzika katika makaburi ya pale ukingoni, wakamwambia Msusi, huyu ni wako.

Msusi hakukubali. Siku binti alipoondoka, yeye alikuwa kijiji cha Kulesa kwenye mazishi ya jamaa yake, kwa hiyo hakuona alivyovaa. Alijua tu kwamba binti alikuwa na leso mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, na aliporudi nyumbani hakuikuta hata moja. Binti alikuwa mgawaji wa vitu. Ukimsifia leso anakuvulia. Basi Msusi alipiga hesabu yake. Ikiwa binti aliondoka amevaa nyekundu, aliyezikwa ni yeye. Ikiwa aliondoka amevaa ya kijani, nyekundu alikuwa amempa mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyezikwa, na binti yuko hai mahali fulani, anapika chakula cha watu.

Kwa sababu hiyo hakuweka kilio. Watu walimsema sana. Mtu akifa kwetu, majirani huja, hukaa chini, hulala uani, na siku zikiisha wanaondoka na sehemu ya uzito. Msusi alifunga mlango wake. "Siwezi kumlilia mtu ambaye sijui kama amekufa," alisema. "Akirudi akasikia nilimlilia, nitamtazama vipi?"

Kilichobaki ni filamu. Ndani yake binti anapita. Anatokea upande wa kushoto, anatembea kando ya maji, anageuza kichwa kuutazama msitu, kisha anaondoka kwenye picha. Unaweza kumkosa ukiinama kuokota kiatu. Lakini yupo, na amevaa leso.

Kanda ya kwanza niliipata Mombasa, nakala iliyotolewa kwenye nakala. Kila kitu ndani yake kilikuwa kama kimeoshwa kwa chai ya rangi. Mto ulikuwa wa hudhurungi, anga ya njano, na leso ya binti nyekundu iliyofifia. Msusi aliitazama, akaondoka, na kwa siku nyingi sikumwona kituoni.

Kanda ya pili ililetwa na mfanyabiashara wa Kisomali aliyekuwa akipita na bidhaa kutoka Dubai. Hii ilikuwa na jalada zuri na maandishi ya Kiarabu. Filamu ilikuwa ile ile, na maneno yale yale. Lakini mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameamua kwamba mto unafaa kuwa samawati. Majani yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Ngozi za watu zilikuwa na ubaridi, kama za watu waliotolewa majini dakika hiyo. Na leso ya binti ilikuwa ya kijani.

Hata wale waliozoea kutafuna majani ya muguka na kubishana waliacha. Msusi alisimama mbele ya kioo, mkono wake mmoja umenyooka lakini haujagusa, na mwanga ule wa kijani ulikuwa ukimpita usoni.

"Rudisha," aliniambia.

Nikarudisha. Binti akapita tena.

Siku hizo sikujua kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuamua rangi za filamu, na kwamba kila filamu inapotolewa upya kwa kuuzwa majumbani, rangi zinaweza kuamuliwa upya na mtu mwingine ambaye hakuwahi kuuona mto wenyewe. Mimi nilidhani picha ni picha. Nilimwambia Msusi kwamba kanda moja ni mbovu na nyingine ni nzima. Aliniuliza: "Ipi?"

Yeye ndiye aliyezipa majina: Kanda ya Tope na Kanda ya Samawati. Na yeye ndiye aliyebuni namna ya kuzilinganisha.

Alikuwa anakuja asubuhi, kabla ya wateja, na mafungu ya ukindu aliouchemsha katika rangi mbalimbali. Nilisimamisha picha kwenye deki, ikatetemeka na mstari mweupe ukapita katikati. Msusi alikunja ngumi, akaacha kitundu kidogo, akachungulia. Kwa kitundu kile aliona rangi peke yake, bila kitu chenye rangi hiyo. "Ukiona mti unasema kijani," alinieleza. "Usipouona mti, unasema kweli." Kisha alichagua ukindu unaofanana na alichokiona, akausuka. Kila tukio la filamu lilipata shibiri moja. Mwishowe alikuwa na shupatu mbili, mikanda mirefu ya ukindu uliosukwa, kila moja ni filamu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, moja ya Tope na moja ya Samawati. Alizitundika ukutani kwangu sambamba. Mtu aliyeingia aliweza kuona mara moja mahali kanda mbili zilipopatana na mahali zilipoachana. Matukio ya ndani ya nyumba yalipatana. Kila mto ulipotokea, shupatu zile ziliachana kama watu waliogombana.

Sikuwa nimewahi kuiona filamu namna ile, na sikufurahia. Niliporudi kufunga kibanda jioni, zile shupatu zilinipa hisia kwamba kuna kitu kirefu kimelala ukutani na kinajua ninachokifanya.

Jambo jingine lilinisumbua. Deki hula kanda mahali inaposimamishwa mara nyingi. Pale binti alipopita, picha ilianza kuchakaa. Chembe nyeupe zilimwangukia kama majivu, kwanza miguuni, kisha kiunoni. Nilimwambia Msusi kwamba kila tukimtazama tunampunguza. Alifikiri, akasema, "Basi tumtazame vizuri."

Nisimfanye mtakatifu. Mwanamke huyu aliyeitafuta rangi ya kweli mpaka ikamkondesha alikuwa mjanja wa rangi sokoni. Mikeka yake ilikuwa ya aina mbili. Ile ya majirani ilidumu. Ile ya abiria wa Lamu ilitoa rangi. Ukiikalia na kanzu nyeupe siku ya jasho, unasimama na mistari nyuma kama punda milia. Siku moja abiria mmoja alirudi, jambo ambalo Msusi hakulitarajia.

"Mama, mkeka wako umeniharibia kanzu ya Ijumaa!"

"Uliukalia?"

"Mkeka si wa kukaliwa?"

"Ule ulikuwa wa kutundika, baba. Hukuniuliza."

Abiria alimtazama, akatutazama sisi, akaanza kucheka kwa hasira, na akanunua mwingine. Msusi alimpa wa majirani. Alipoondoka nilimwuliza kwa nini anawafanyia watu hivyo. "Wananunua kwa macho," alisema. "Nami nawauzia macho." Hakuona aibu yoyote. Alivaa nguo nyeusi kila siku na hakuwa na mkeka wa rangi nyumbani kwake.

Ili kujua kanda ipi inasema kweli, alitafuta vitu ndani ya filamu ambavyo rangi yake aliijua nje ya filamu. Tope la Tana ndilo lililokuwa shahidi wake wa kwanza, na kwa hilo Kanda ya Samawati ilishindwa, kwa maana hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuuona mto ule ukiwa samawati. Lakini alipoona shahidi anampeleka asikotaka, alitafuta shahidi mwingine.

Akampata kwa bahati. Kulikuwa na mchungaji mmoja wa Kiorma, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyekuja siku za soko akiuza ndama na kuingia kwangu kupumzika na jua. Katika filamu kuna ng'ombe wanaovuka kijito. Mchungaji alipowaona alisimama. Alimtambua fahali aliyekuwa mbele. Alikuwa wa baba yake.

Siku hiyo nilikuwa nimeweka Samawati. Mchungaji alisogea karibu, akatazama, akarudi nyuma.

"Hii si yeye," alisema. "Wameua, wameweka ingine ndani ya ngozi."

"Ni picha tu, mzee," nilimwambia.

"Mimi najua ngombe ya baba. Hii nyeusi. Ile haikuwa nyeusi."

Msusi aligeuka. "Alikuwa rangi gani?"

Mchungaji alitaja neno la kwao. Waorma wana majina ya rangi za ng'ombe ambayo Kiswahili hakina. Akatafuta mfano, akaonyesha bawaba ya mlango wangu, iliyoliwa na kutu.

"Kama hii. Lakini mvua imenyesha."

Nikaweka Kanda ya Tope. Fahali alivuka kijito akiwa na rangi ya bawaba iliyonyeshewa. Mchungaji alishika kifua chake, akamwita fahali kwa jina, na nasema nilichokiona: ng'ombe yule kwenye kioo aligeuza sikio. Labda sikuzote alikuwa akiligeuza pale. Sikuwa nimewahi kumwangalia.

Tangu siku hiyo Msusi hakumpenda mchungaji. Alimpa nafasi kwenye benchi lakini hakumsalimu kwanza. Mchungaji alikuwa amemletea ushahidi wa pili wa leso nyekundu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Televisheni yangu ilikuwa ya mitumba, na ilikuwa na kirungu cha kuzungusha ili kuvuta rangi, upande huu wekundu, upande ule ukijani. Nilimwona Msusi akikonda. Nilijua anatafuta sababu ya kuamini kijani, na nikajiambia nitampa. Asubuhi moja, kabla hajafika, nilikizungusha kirungu kiasi cha kutosha tu kuifanya leso ya Kanda ya Tope isogee upande wa kijani. Nilijisikia mwema sana.

Aliketi. Picha ikaanza. Alitazama chini kama kawaida yake.

"Leo mto umeoza," alisema.

"Vipi, mama?"

"Tope lina ukungu. Umegusa kitu?"

"Sijagusa."

Alinitazama, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ubao wa daraja akausikia ukicheza. Ikiwa tope linaweza kubadilika lenyewe kwa usiku mmoja, basi hata alichokiona mwanzo hakiaminiki. Akazishusha shupatu mbili kutoka ukutani, akaketi sakafuni, akazifumua zote, ukindu mmoja mmoja. Kazi ya msimu mzima. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na sikusema. Nilikuwa nikimwona akifumua na nikatoka nje kutia mafuta jenereta iliyokuwa imejaa. Nilikirudisha kirungu mahali pake alipoondoka, naye akaanza upya. Kama nisingemdanganya, nadhani angekata shauri mapema, na yaliyofuata yasingemkuta pale.

Zikaja mvua za Elninyo. Wanaozikumbuka hawahitaji kuambiwa. Maji yalifika nyumba kwa nyumba, na barabara ikawa sehemu ya mto. Makaburi ya ukingoni karibu na Hewani yalikwenda na ukingo wenyewe, pamoja na yule aliyezikwa na kipande cha leso. Msusi alipanda juu ya paa la jirani, paa likaanguka, na goti lake la kulia likavunjika. Lilipopona halikukunjika tena. Tangu hapo aliketi mguu umenyooka mbele yake kama mpini, na nywele zake, ambazo zilikuwa na mvi chache, ziligeuka nyeupe zote katika miezi ile.

Nilimwambia pole kwa kaburi.

"Halikuwa na jina," alisema. Kisha akaongeza: "Sasa hata wa kumwuliza sina."

Maji yalipopungua nilifungua tena. Nilianika kanda juani na kuzifuta moja moja. Baadaye mfanyabiashara yule wa Kisomali alileta mashine ya sidii, na kati ya sidii zake ilikuwamo filamu ya mto. Toleo jipya, alisema, safi kama kioo. Nilituma mtu amwite Msusi. Mchungaji alikuwapo pia, na vijana wachache, mchana, kwenye joto.

Aliyelitengeneza toleo lile alipenda mwanga. Kila kivuli kilikuwa kimefunguliwa. Chini ya miti, mahali ambapo Kanda ya Tope ilikuwa nyeusi tititi na Samawati ilikuwa na giza la bahari, sasa ungeweza kuhesabu majani. Msusi aliliangalia tope akaguna. Halikuwa la kweli wala la uongo. Kisha binti akatokea kushoto. Picha ya sidii ilikuwa imebanwa ili itoshe, na leso yake ilivunjikavunjika vipande vya mraba, hapa nyekundu, pale kijani, vikibadilishana kila alipopiga hatua. Nilijua hapo hapo kwamba hakutakuwa na jibu. Binti aligeuza kichwa kuutazama msitu, akaondoka.

"Yule mama ni nani?" mchungaji aliuliza.

"Mama gani?"

"Nyuma. Ndani ya miti. Anakaa."

Mtu aliyezoea kutafuta ng'ombe vichakani huona tusichokiona. Nilirudisha, nikasimamisha. Kati ya mikindu, mahali hasa binti alipogeuzia kichwa, palikuwa na mwanamke ameketi chini. Nguo nyeusi. Kichwa cheupe. Mikono iko juu ya kazi fulani mapajani.

"Mguu moja iko mbele," mchungaji alisema polepole. "Haikunji."

Hakuna aliyetaka kumtazama, lakini sote tulimtazama. Msusi alikuwa benchi la mbele, mguu wake umenyooka.

Nilikimbilia maelezo, kwani ndiyo desturi yangu. Nilisema sidii hutengeneza nyuso kwa vile vipande vya mraba. Nilisema ni gogo. Mmoja wa vijana aliondoka bila kuchukua kandambili zake. Baadaye nilifika hata Kulesa, nikamtafuta mama mmoja wa ukoo wao aliyekuwapo kwenye mazishi ya siku ile. "Alisonga ugali na mimi hapa, tangu asubuhi mpaka jioni," aliniambia. "Alikuwa na nywele nyeusi na alikuwa akituchekesha. Kwa nini unauliza?" Nilimshukuru, nikashika njia.

Msusi mwenyewe hakushtuka. Alikunja ngumi, akachungulia kwa kitundu chake, kwa utulivu, akaanza na miti, akamalizia na mikono ya yule mwanamke.

"Mkeka gani ninaousuka pale?" aliuliza.

Nilisogelea kioo nitazame, lakini yeye hakungoja.

"Rudisha. Iache iende."

Ilipokwenda tuliona jambo ambalo picha iliyosimama haikuonyesha. Binti alipogeuza kichwa, mwanamke wa kivulini aliinua mkono mmoja kutoka kwenye kazi yake, akaushusha. Msusi alisimama kwa shida, akaniaga kwa heshima, na hakuja tena kibandani. Nilisikia amehamia kwa ndugu zake Hewani.

Sikumfuata. Niliogopa, na pia biashara ilikuwa mbaya, watu hawakutaka tena kuketi benchi la mbele. Miezi ikapita. Kisha nikahitaji nguzo za kujengea upya ukuta wa nyuma, nikaambiwa Hewani kuna mtu anauza, nikaenda.

Nilipita njia ya kando ya mto asubuhi. Sikuwa nikiwaza filamu. Nilifika mahali mto unapojipinda na mikindu imesongamana, nikahisi kwamba napajua, ingawa miguu yangu haikuwahi kufika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimesimama mahali kamera iliposimama. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Msusi alikuwa ameketi kivulini, mguu mbele, kichwa cheupe, anasuka mkeka mpana wa ukindu mtupu usiotiwa rangi.

"Karibu, baba," alisema bila kuinua macho.

"Mama, unafanya nini hapa peke yako?"

"Nilionekana hapa. Nikaona lazima nije."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka kwako. Nakuja asubuhi, jua likikaa kama lile la picha. Likihama, narudi nyumbani." Alivuta ukindu mmoja, akaukaza. "Mkeka ni wa watu kukalia. Sikujua watu gani mpaka leo."

Maji yalikuwa yakipita bila sauti. Nilitaka kuondoka na sikuweza.

"Leo amepita," alisema.

Niligeuka kuitazama njia.

"Alitokea kule," aliendelea, akionyesha kwa kidevu upande wangu wa kushoto. "Furushi kichwani. Nilidhani nitampigia kelele, nitamwambia rudi. Lakini nilijua kwamba sikupiga kelele. Ungesikia kwenye kanda. Nikainua mkono. Akanitazama. Ananijua, hata nilivyo sasa, mzee hivi, alinijua. Kisha akateremka majini, pale penye ule mzizi."

Sikwenda kutazama penye ule mzizi. Nimelijutia hilo pia, lakini si sana.

"Alikuwa amevaa…" nilianza.

"Nyekundu," Msusi alisema.

Akaweka kazi chini. Uso wake, ambao kwa miaka yote niliyomjua ulikuwa umekazwa kama mkeka mpya, ulianza kulegea kuanzia mdomoni, na niligeuka nisimtazame.

"Nenda kijijini," aliniambia kwa nyuma yangu. "Waambie waje kwangu. Nitafika polepole na mguu huu. Waambie kuna kilio."

"Nikusaidie kusimama, mama."

"Tangulia. Watu wakute moto umewashwa."

Nikatangulia. Kwenye nyumba ya kwanza palikuwa na mama anayekaanga mahamri nje, mikono imejaa unga. Nilimwambia kuna kilio kwa Msusi.

"Maskini! Nani kafa?"

"Binti yake."

Aliacha kijiko ndani ya mafuta. "Yule wa mto? Yule si tulimzika, maji yakamchukua tena? Kafa lini?"

"Leo asubuhi," nikasema.

Akaliteremsha karai, akaufukia moto kwa majivu, akajifunga leso ya pili kiunoni na kuanza kuwaita jirani zake, mlango kwa mlango.